Kalunguyeye Asiye na Vumbi

Hodi, wenyeji!
— Karibu, tumefungua!
Nimekuja na uongo.
— Utandikie mkeka!
Nimekuja na kweli pia.
— Hiyo isimame mlangoni!

Haya, isimame. Imeshazoea.

Hapo zamani, na zamani yenyewe si ya mbali kama mnavyotaka iwe, palikuwa na kijiji cha wanyama kando ya dimbwi la maji. Katikati ya kijiji palikuwa na kichuguu. Kilikuwa kichuguu tu, udongo mwekundu, kimo chake mara mbili ya Nyani, mashimo tele. Lakini wanyama walikiheshimu, kwa sababu mama zao walikiheshimu, na mama wa mama zao.

Kila asubuhi, kabla ya kula, kabla ya kunywa, kila mnyama alikwenda kichuguuni. Akainamisha kichwa, akagusisha paji la uso, pa! Akaondoka na alama ya vumbi jekundu usoni. Mwenye vumbi alisalimiwa. Mwenye vumbi alioa, mwenye vumbi aliolewa, mwenye vumbi alipougua alipikiwa uji. Na wanyama walipokutana njiani hawakuulizana habari za asubuhi. Waliulizana: "Vumbi lako liko wapi?" Na jibu lilikuwa: "Hili hapa."

Mlinzi wa kichuguu alikuwa Nyani. Nyani dume, mabega mapana, meno marefu, sauti ya kubweka: Wahu! Wahu! Hakuna aliyemchagua. Siku moja alikaa pale juu ya kichuguu, na kwa kuwa hakuna aliyekuwa na nguvu za kumshusha, ikawa ndiyo kazi yake.

Sasa, Kalunguyeye mnamjua? Yule mwenye miiba mgongoni, ukimtisha anajikunja akawa mpira. Anatembea chakacha-chakacha kwenye majani makavu. Ni mdogo, lakini nyoka akimwona hubadilisha njia. Huyo Kalunguyeye alikuwa akigusa kichuguu kila asubuhi kama wenzake. Pa! Vumbi. Pa! Vumbi. Mpaka asubuhi moja alifika pale akasimama. Akainua uso, akakitazama. Akaona kwamba hana la kusema na kile kichuguu, na kwamba kwa siku nyingi hakuwa nalo. Alikuwa anagusa leo kwa sababu jana aligusa. Basi akageuka, chakacha-chakacha, akarudi kwake.

Ndiyo hadithi yote ya kuacha kwake. Najua mlitaka iwe ndefu.

Njiani akakutana na Kanga, jirani yake.

"Bi Kalunguyeye, vumbi lako liko wapi?"

"Sina."

"Umesahau, shoga?"

"Sikusahau. Nimeacha."

Kanga shingo ikamrefuka, akatimua mbio: "Kwetu-kwetu-kwetu-kwetu!" Jua halijafika utosini, kijiji kizima kinajua.

Wakaja kumwona. Hawakuja kumsikiliza, walikuja kumwona.

Digidigi akauliza: "Nani kakuudhi?"

"Hakuna."

"Umepata bwana wa ng'ambo ya dimbwi?"

"Sina bwana."

"Basi kuna kitu umelishwa."

"Nimekula mende, Digidigi. Mende wale wale wa kila siku."

Digidigi akatikisa kichwa kwa huruma. Alikwenda akasema kwamba Kalunguyeye amelishwa mende na bwana wa ng'ambo.

Kanga naye akasogea, akasimama mbali kidogo, mbali kuliko alivyozoea. "Mimi nauliza jambo moja tu. Usipokiogopa kichuguu, kitu gani kitakuzuia usile mayai yangu?"

"Bi Kanga! Mwezi huu huu ulipougua, nani alikaa na mayai yako siku tatu, nyoka swila akizunguka?"

"Wewe."

"Nani aliyageuza yasiharibike?"

"Wewe. Lakini ulikuwa na vumbi."

"Vumbi halikupigana na swila."

"Aa, hayo mimi siyajui," Kanga akasema. "Mimi ninachokijua ni vumbi."

Wa mwisho kuja alikuwa Babu Kobe. Alichagua saa ya jua kali, wenzake wamelala vivulini. Akatazama kushoto, akatazama kulia, akatoa shingo nje ya gamba. "Mwanangu," akanong'ona, "hata mimi. Miaka thelathini nagusa, sijasikia kitu."

"Basi waambie, babu!"

"Mimi? Nina wajukuu, mwanangu."

"Basi kesho njiani nisalimie tu. Mbele yao."

Kobe akafikiri sana. Kobe hufikiri sana. "Nitakusalimia moyoni," akasema, akarudisha shingo ndani.

Msicheke. Mnaowasalimia moyoni ni wangapi?

*

Kesho yake Nyani akapanda juu ya kichuguu. Wahu! Wahu! Wanyama wakakusanyika.

"Asiye na vumbi ni najisi," akasema Nyani. "Alichogusa asiye na vumbi ni najisi. Kisishikwe, kisiliwe!"

"Kisishikwe, kisiliwe!" wakaitikia.

Sheria hiyo haikuwapo jana. Lakini ilivyotamkwa kwa sauti nene, kila mmoja akajiona aliijua tangu utoto. Ni kama kile kikombe changu cha bati mnachokiweka peke yake, kando ya vyenu. Hamkuambiwa na mtu, najua. Nakiona, leteni maji, nina kiu.

Haya. Kalunguyeye kutosalimiwa angeweza kuvumilia, maana ana miiba. Lakini alikuwa na mama. Mama yake alikuwa mzee, macho yana ukungu, kinywani hamna hata jino moja. Nyumba yake ilikuwa shimo dogo pale pale jirani na kichuguu, ili asihangaike kwenda kugusa. Na kila siku Kalunguyeye alimtafutia mende, akamtafunia mpaka walainike, akachanganya na asali, akafinyanga vitonge vidogo, akavifunga kwenye jani, akampelekea. Mama hakuwa na chakula kingine. Asipotafuniwa, hali.

Siku ile Kalunguyeye akaja na jani lake, chakacha-chakacha. Akamkuta Nyani amekaa mlangoni kwa mama.

"Hicho umekigusa?"

"Nimekitafuna, Mzee, sembuse kugusa."

"Najisi. Hakipiti."

Sauti ikatoka ndani. "Mwanangu, ndiwe?"

"Ndimi, mama."

"Una vumbi?"

Kalunguyeye akatazama chini. "Sina, mama."

"Paka kidogo, mwanangu. Kidogo tu. Hata kama si kwa ajili yake, kwa ajili yangu."

"Nikipaka nitakuwa nakudanganya, mama."

Mama akasema, "Basi nidanganye."

Kalunguyeye hakuweza. Mimi namlaumu, na mimi simlaumu. Alisimama pale na jani lake mkononi, na hakuweza.

Nyani alikuwa amekwisha kunusa. Asali ile! Mende wale! Mate yakamjaa. Akakohoa, akaita wanyama. "Jamani, hii najisi tuifanyeje? Tukiitupa chini, ardhi itanajisika. Tukiitupa majini, maji yatanajisika. Lazima mmoja wetu ajitolee." Akatazama kushoto, akatazama kulia. "Basi nitajitolea mimi."

Akafungua jani. Nyamu, nyamu, nyamu, gubu!

"Najisi imeingia tumboni mwangu," akasema, akilamba vidole. "Tumbo langu lina nguvu. Msiogope."

"Ahsante, Mzee!" wakasema wanyama, na Digidigi akatokwa na machozi.

Siku ya pili Kalunguyeye akaja na jani. Nyamu, nyamu, gubu! Ahsante, Mzee! Siku ya tatu akaja na jani. Nyamu, nyamu, gubu! Ahsante, Mzee!

Na mama? Wanyama waliapa watamlisha wao. Hawakuwa wabaya, msinielewe vibaya. Digidigi alimletea nyasi kavu. Kanga alimletea mtama, punje ngumu kama changarawe. Kobe alimletea tango pori, laini kabisa, lakini alifika siku ya nne limeoza. Mama alivinyonya, akavitema, akasema ahsanteni. Miiba yake ikaanza kulala kwa unyonge. Kalunguyeye alimwona kwa mbali, wakati mama alipotolewa kuota jua, na akajua siku za mama hazifiki saba.

Lakini tumbo lililozoea kujitolea halishibi. Nyani akaanza kutafuta najisi nyingine. Akaenda kwa Digidigi: "Hii asali yako, Kalunguyeye si alipita karibu?" Alipita, mwaka jana. Nyamu, nyamu, gubu! Akaenda kwa Kanga: "Haya mayai si ndiyo aliyoyageuza?"

"Mzee, wakati ule alikuwa na vumbi!"

"Vumbi la usoni. Kuacha hakuanzi siku ya kusema, Bi Kanga. Moyoni alikwisha kuacha zamani."

"Mzee, alishika maganda tu! Wanangu wamo ndani!"

"Ganda likinajisika, cha ndani kitapona?"

Akayala yote kumi na mawili, moja moja, mbele ya mama yao. Kanga akalia kijiji kizima kikasikia. Na alipomaliza kulia alisema nini? Alisema, "Kalunguyeye ameniulia wanangu." Wote wakasema hivyo. Asali imekwisha, ni Kalunguyeye. Matunda yamekwisha, ni Kalunguyeye. Jina la Nyani halikutajwa hata mara moja, na yeye alikuwa amekaa pale pale, tumbo mbele.

*

Kalunguyeye akaenda kichakani, akajikunja. Akijikunja, watu hudhani anaogopa. Mara nyingi anafikiri.

Alipojikunjua akaenda hadi ukingoni mwa uwanja, wanyama wakiwa wamekusanyika. Akasimama mbali, ili wasipige kelele.

"Mzee Nyani, shikamoo."

Nyani hakuitikia. Asiye na vumbi haitikiwi.

"Si neno. Nimekuja kukuonea huruma. Nasikia tumbo lako limechoka. Nasikia mayai ya Bi Kanga ulibakiza maganda."

"Nani kasema?" Nyani akasimama. "Sikubakiza!"

"Maana kipo kitu ninachotaka kugusa, kikubwa mno. Naogopa hutakimaliza, na kijiji kitabaki na najisi."

Nyani akafikiri: kikubwa? Ule mzinga mkubwa kwenye mgunga! Lile shamba la matikiti ng'ambo! Mate, churu-churu. "Wewe usiyekuwa na vumbi! Chochote ulichogusa, chochote utakachogusa, nitakila mimi."

"Hata kiwe kikubwa?"

"Hata kiwe kikubwa!"

"Chote?"

"Nikibakiza hata punje, kichuguu kinilaani!"

Kalunguyeye akawageukia wanyama. "Mmesikia?"

"Tumesikia!"

"Basi vizuri," akasema Kalunguyeye. "Na mimi nina habari. Kesho asubuhi narudi kichuguuni."

Vigelegele! Kanga akapiga vigelegele, Digidigi akaruka juu. Kobe akatoa shingo yote nje, na uso wake ulikuwa na furaha kidogo na huzuni nyingi. Wakakimbia kumwambia mama. Mama akasema, "Nilijua. Mwanangu nimemzaa mimi, nilijua." Akaomba kesho atolewe nje mapema, akae karibu, maana haoni vizuri.

Asubuhi ikafika. Wote walikuwa wamekwisha kugusa, wamepanga mistari, nyuso nyekundu. Mama amekaa mbele. Kalunguyeye akaja, chakacha-chakacha, akapita katikati yao. Wale ambao siku nane hawakumtazama sasa walimtabasamia, na tabasamu zile zilimuuma kuliko kutotazamwa. Alikuwa yule yule, na jana walikuwa radhi mama yake afe.

Akafika. Akagusisha paji la uso, pa! Akagusisha mikono yote miwili, pa, pa! Akakizunguka kichuguu, akakipangusa huku na huku. Akakikumbatia, tumbo na mashavu.

"Ametubu huyu!" wakasema. "Tazama alivyokuwa na hamu nacho!"

Akageuka, uso mwekundu. "Vumbi langu hili hapa."

Vigelegele vikapaa. Mama akanyoosha mkono, akampapasa paji la uso. "Kweli," akasema. "Kweli ni vumbi." Akaanza kulia.

Hapo ndipo Kalunguyeye aliposita. Mnasikia? Alisita. Angeweza kunyamaza. Angekaa na vumbi lake, kesho akapaka tena, akamlisha mama, akasalimiwa, akazeeka. Wengi wamefanya hivyo na mnakula nao kila siku. Lakini alijua kwamba Nyani hatakoma, kwamba kesho najisi atakuwa mwingine mwenye mama mwingine. Na tena, niseme kweli, alikuwa na hasira.

"Mzee Nyani," akasema, mkono wa mama ukiwa bado pajini mwake, "nina swali dogo. Nilipokuwa nakuja hapa, nilikuwa na vumbi?"

"Hukuwa nalo," Nyani akasema kwa furaha.

"Nilipofika?"

"Hukuwa nalo."

"Paji langu lilipokigusa kichuguu, kabla halijatoka, lilikuwa na vumbi?"

"Litakuwa nalo vipi, na vumbi liko..."

"Basi aliyekigusa kichuguu ni nani?"

Kobe, ambaye hufikiri polepole lakini hufika, akasema kwa sauti ambayo hakuikusudia: "Asiye na vumbi."

Mnaona? Walitunga sheria ya kutoka, wakasahau kuacha mlango wa kurudi. Kupata vumbi lazima uguse, na ukigusa bila vumbi umenajisi. Hawakuwaza jambo hilo, kwa sababu hawakutaka arudi. Walitaka awe na hatia.

Mkono wa mama ukashuka pajini mwa mwanawe, polepole, ukatua chini.

*

Wanyama wakarudi nyuma hatua tatu. "Kichuguu kimeguswa! Kichuguu ni najisi!"

"Kichuguu hakinajisiki!" Nyani akabweka. "Kichuguu ni kichuguu!"

Kanga akasogea. Macho yake yalikuwa makavu. "Mzee, mayai yangu yaliguswa maganda tu. Yakanajisika. Hiki kimekumbatiwa."

"Bi Kanga..."

"Uliapa, Mzee. Chochote. Hata kiwe kikubwa. Hukubakiza kwangu, usibakize na hapa."

Na wengine wakapiga magoti, wakilia machozi ya kweli: "Tuokoe, Mzee! Jitolee, Mzee! Ukile!"

Nyani angeweza kusema: jamani, sheria hii niliitunga juzi kwa sababu nilikuwa na njaa. Maneno machache tu, na yote yangekwisha. Akayatafuta kinywani, hayakutoka. Akaona afadhali ale udongo.

Akauma. Kra! Udongo wa kichuguu mnaujua, jembe linarudi. Kra! Kra! Jino la kwanza, tong! Wanyama: "Ahsante, Mzee!" Kra! Jino la pili, tong! "Ahsante, Mzee!" Akafika ndani, kumbe siafu wamejenga humo. Wakamvamia ulimi, wakamvamia ufizi. Wahu! Wahu! "Anaomba!" akasema Digidigi. "Tumwitikie!" Wakabweka wote: Wahu! Wahu!

Siku tatu alikula. Ndani ya kichuguu hamkuwa na kitu. Mlikuwa na udongo na siafu.

Na siku ya kwanza ile, Kalunguyeye alipita mbele yake na jani mkononi, chakacha-chakacha. Nyani alikuwa na udongo mpaka kooni. Alitazama jani, hakuweza hata kuuliza limeguswa na nani. Kalunguyeye akaingia kwa mama, akafungua jani, akamwekea kitonge mdomoni.

Mama akala. Alikuwa na njaa, akala chote. Alipomaliza akafuta mdomo, akageuza uso ukutani.

"Kwa hiyo hukurudi."

"Sikurudi, mama. Ungekufa."

"Ulinidanganya."

"Uliniambia nikudanganye."

"Nilitaka unidanganye mpaka nife," mama akasema. "Wewe umenidanganya mpaka adhuhuri."

Huyu aliyemshinda Nyani kwa maswali manne alikunja jani, akatoka.

Mnadhani kijiji kilimshukuru? Ngojeni. Siku ya nne pale mahali palikuwa tambarare, na Nyani amekaa katikati, tumbo limevimba, kinywa kitupu. Wanyama wakaja asubuhi, wakababaika.

"Sasa tutagusa wapi?"

Digidigi akapata jibu. "Kichuguu kiko wapi? Si kimo tumboni mwa Mzee?"

Basi wakapanga mstari. Wakainamisha vichwa, wakagusisha mapaji yao ya uso kwenye tumbo la Nyani, pa! Lilikuwa limejaa vumbi jekundu, likawatosha. Tumbo likanguruma, nguru-nguru-nguru, maana siafu hawakuwa wamekufa wote. "Kimesema!" wakapiga kelele. "Zamani hakikusema, sasa kimesema!"

Wakamletea vyakula, rundo. Mahindi, karanga, mizizi, njugu. Nyani akavitazama. Alishika karanga moja, akaizungusha kwenye ufizi, akaitema. Alikonda amekaa karibu na chakula kuliko alivyowahi kukaa maishani. Mwisho akamtuma Babu Kobe.

Kobe akaenda kwa Kalunguyeye, safari hii mchana kweupe, maana ametumwa. "Mzee anauliza," akasema akitazama pembeni, "vile vitonge laini. Kama vinaweza kupatikana."

"Mwambie vimeguswa," akasema Kalunguyeye.

Akacheka. Alicheka peke yake, na kucheka peke yake hakuchukui muda.

Kuhusu vitu vilivyoguswa, Nyani alitangaza sheria mpya: viachwe tu. Hakuwa na meno ya kujitolea. Kwa hiyo Kalunguyeye alimlisha mama yake kila siku, na hakuna aliyemzuia mlangoni. Ndicho alichokitaka, na akakipata, chote. Lakini njiani hakusalimiwa. Walisema, "Kwanza alikiacha, halafu akakimaliza." Kanga alitaga tena, akawaambia vifaranga wake: "Yule mwenye miiba msimsogelee. Alikula ndugu zenu kumi na wawili." Na swila aliporudi, Kanga alipanda juu ya jiwe akapiga kelele, "Kwetu-kwetu-kwetu!" akiwa ameelekea kichaka cha Kalunguyeye, bila kutaja jina la mtu. Kalunguyeye akaja, akamuua swila, akaenda zake. Kanga akakimbia kwenda kulishukuru tumbo.

Mama hakumsemesha mwanawe tena. Alikula, akafuta mdomo, akageuza uso. Lakini siku ile Nyani alipokuwa anakula, mama alikuwa amejikokota mpaka nje, akachota konzi moja ya vumbi lililoanguka, akaficha chini ya majani ya kitanda chake. Na kila jioni Kalunguyeye alipomaliza kumlisha na kuanza kutoka, mama alichovya vidole humo, akamrushia kidogo mgongoni, kimya kimya, ili awe nalo hata bila kujua.

Kalunguyeye alijua. Alisikia vumbi likidondokea miiba. Hakugeuka, na alipofika kwake hakujikung'uta.

Hadithi yangu imeishia hapo. Mnataka fundisho? Hadithi bila fundisho hamlali, nawajua. Haya, shikeni. Watoto wema, kila asubuhi guseni pale wenzenu wanapogusa, maana anayeacha kugusa huwavunja wengine meno. Na jueni kwamba asiye na vumbi hana huruma, hana ujirani, wala hana mapenzi kwa mzazi wake. Si mmejionea wenyewe?

Uongo wangu umekula, umeshiba, unaaga.
— Uende salama!
Na kweli je? Ile mliyoiacha mlangoni?
— Ina vumbi?
Haina.
— Basi isimame!